Uchafu wa Kununua

Kati ya 1938 na 1948 Waingereza walitengeneza ndege za kivita aina ya Spitfire zaidi ya 20,000, tena miaka kadhaa kati ya hiyo mabomu yakiwaangukia. Mstaafu wa huko huko, ndani ya gereji yenye hita na birika la chai, huweza kuimaliza miaka kumi kwa Spitfire moja ya rimoti, robo ya ukubwa halisi: mabawa mita 2.8, ncha hadi ncha. Gari lilishahamia nje zamani. Mke aliacha kuuliza.

Kwanza ribiti. Zile za vita ziligongwa. Hizi ni matone ya gundi nyeupe, moja moja, kwa bomba la sindano. Kisha msasa, rangi, msasa tena, hadi ndege ing'ae. Ikishang'aa, bwana huanza kuichafua: masizi ya ekzosi kwa brashi, oili iliyochuruzika, rangi iliyobanduka pale rubani alipokanyaga. Mafundi wa vitani walihangaika kuufuta uchafu huo, maana ulipunguza mwendo. Yeye huununua kwa kopo.

Siku ya kuirusha, upepo una kasoro. Jumapili ifuatayo, mawingu. Nyingine, betri haijatulia. Si woga, jamani, ni utafiti wa hali ya hewa! Tena magurudumu ya Spitfire yamekaribiana mno, na bwana hakutaka kuisaliti asili, kwa hiyo huenda salamu yake ya kwanza kwa nyasi ikawa kuinamia upande na kukwaruza ncha ya bawa. Rubani wa plastiki, miwani usoni, ndiye pekee aliye tayari kwa vita.