Darasa la Chura Chini ya Kimondo

Kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kule Ndolezi wilayani Mbozi, Chura alifundisha sayansi darasa la nne la wanyama. Sauti alijaliwa. Akitamka "Maada!" watoto wanaitikia, "Ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi!" Akisema "Nishati!" wanapaza, "Ni uwezo wa kufanya kazi!" Kelele zikavuka mashamba ya kahawa.

Nyuma ya migongo yao kililala Kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli lililotoka angani, linalokadiriwa kuwa na tani 12 hadi 16. Ulimwengu wa nje ulikifahamu mwaka 1930. Mtoto akigeuka kukitazama alikemewa, maana kwenye daftari la Chura hakikuandikwa.

Chura hakuwa mjinga wala mvivu. Alimwogopa Korongo. Korongo ndiye mkaguzi. Kila mwisho wa muhula alikuja kwa hatua za polepole, akiuliza maana za maneno, na darasa likibabaika alimtazama mwalimu kwa lile jicho ambalo chura yeyote analijua. Mwenye hofu hiyo hufundisha kitakachoulizwa, basi. Simlaumu. Namlaumu aliyempa korongo kazi ya kukagua vyura.

Siku moja mtoto wa Ngedere akanyoosha mkono. Mama yake aliwahi kuuza chai Tunduma, kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde.

"Mwalimu, maji yakichemka, mvuke unanyanyua kifuniko cha sufuria, kinagongagonga. Si ndiyo kazi hiyo? Basi mvuke una nishati?"

"Hilo halitoki kwenye mtihani."

"Na hewa, ina uzito?" akauliza mtoto wa Nungunungu.

"Kaa chini."

"Na kimondo kilikuja kwa kasi, Mwalimu. Kiliposimama, ile kasi ilikwenda wapi?"

Usiku ule Chura hakulala. Jibu alilijua tangu chuoni: kilipopasua anga, kimondo kilipambana na hewa hadi ngozi yake ikayeyuka; mwendo ukageuka joto na mwanga. Alilijua, na alikuwa amemnyima mtoto.

Korongo akafika. Darasa likaitikia bila kosa, naye akatoa kalamu atie sahihi. Hapo Chura akameza mate, akachukua ufito, akaufunga uzi katikati na kuuning'iniza. Kila ncha akafunga puto lililojaa hewa, akausogeza uzi kidogo kidogo mpaka ufito ukalala sawa.

"Mwanangu, nipe mwiba mmoja."

Nungunungu akachomoa mgongoni. Chura akatoboa puto moja karibu na fundo, mpira ulipo mnene, lisije likapasuka vipande vikaruka na kuharibu mizani. Hewa ikatoka kwa mlio mwembamba. Taratibu, ufito ukainamia upande wa puto lililojaa.

"Hewa ina uzito!" Watoto walikuwa juu ya madawati, na hakuna aliyewakaririsha maneno hayo.

Korongo akapekua fomu yake, mbele na nyuma, akitafuta mahali pa kuandika alichokiona. Hapakuwapo.

"Rudia," akasema.

"Maputo yapo, Mheshimiwa," Chura akajibu, akampa mwiba atoboe mwenyewe. Ngedere alikwisha toka mbio kwenda kuomba sufuria.