Barua ya Wazi Juu ya Eneo la Wazi

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Mipango Miji ya manispaa yetu,
Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na taadhima ziwastahikizo watu wa daraja yenu, natanguliza shukrani kabla ya haja, kama tulivyofunzwa na wazee wetu, kwa kuwa Alhamisi iliyopita nilihudhuria kikao chenu, nikaketi kwenye benchi la wananchi karibu na mlango, nikashuhudia kwa macho yangu jinsi maombi mawili makubwa, moja la kujenga nyumba za ghorofa katika kiwanja wanachochezea watoto wa mtaa wetu, na la pili la kufungua bustani ya starehe ufukweni, yalivyosomwa, yakajadiliwa na kupitishwa kabla chai haijapoa vikombeni.

Nakiri kwamba mimi ni mzito wa kufahamu. Mwaka juzi niliomba kibali cha kujenga baraza mbele ya nyumba yangu, baraza ya urefu wa hatua nne, ili mke wangu, ambaye magoti yamemlemea, apate pa kuketi jioni. Faili langu likarudishwa mara tatu: kwanza kwa kukosa mchoro, kisha kwa kuwa mchoro haukuwa na muhuri, na mara ya tatu kwa kuwa muhuri, ulipopatikana, uliangukia juu ya sahihi. Nilinung'unika, Mungu anighofirie, na kumbe hekima yenu ilikuwa imenipita kando. Kitu kidogo ndicho kihitajicho kutazamwa kwa karibu. Jengo la ghorofa kumi, ambalo hata mvuvi aliye baharini ataliona, lina haja gani ya kukaguliwa?

Sasa juu ya kiwanja chenyewe. Katika ramani kimepakwa rangi ya kijani na kuandikwa “eneo la wazi”, na sisi tusio na elimu tuliyasoma maneno hayo kijinga, tukadhani kwamba wazi ni pale pasipojengwa, penye upepo, pasipo na mwenyewe kwa sababu ni pa wote. Pale ndipo tulipotandika mikeka ya tanga la mama yangu, na pale ndipo vijana hucheza mpira tangu alasiri hata adhana ya magharibi, kiasi kwamba mbele ya goli la upande wa mwembe pana upara wa udongo ambapo majani hayajaota, kwa jitihada za walinda mlango wa vizazi vitatu. Afisa wenu alitutoa gizani kwa upole mwingi. Eneo la wazi, akasema, ni kama nafasi ya kazi iliyo wazi: hungoja mwombaji. Naye mwombaji, kwa bahati njema, alikuwa amekwisha kuketi kiti cha mbele.

Mtu mmoja benchini kwetu alithubutu kuuliza habari za ilani. Mimi nitakuwa shahidi wenu, kwani ilibandikwa, nami niliisoma, kwenye nguzo ya umeme, baina ya tangazo la mganga arudishaye wapenzi na la chumba kipangishwacho, wino umechujuka kwa mvua ila neno “pingamizi” na nusu ya tarehe. Mganga, nimeona, hutumia wino bora zaidi.

Wala mji huu haukupata kukosa karatasi za kuuongoza. Waingereza walituchorea mpango kabambe mwaka 1949, Wakanada wakatuchorea mwingine mwaka 1968, na Wakanada tena mwaka 1979. Na kabla ya hiyo yote, serikali ya kikoloni iliuacha wazi ukanda wa Mnazi Mmoja, ati kwa ajili ya afya, ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya wafanyabiashara wa Kihindi. Nia ilikuwa mbovu, lakini ardhi ikabaki, na leo wajukuu wa waliotengwa wananyoosha miguu juu yake. Sijui nicheke au nilie, Waheshimiwa, nikifikiri kwamba waliotudharau walituachia uwanja, na wanaotupenda wanatuondolea.

Juu ya bustani ya starehe sina maneno mengi, maana hapo sheria ilitiiwa kwa ukamilifu usio na mfano. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka shughuli za kudumu ziwe umbali wa mita 60 kutoka baharini, na mpimaji akazipima zote, hakupunguza hata shubiri. Isipokuwa alikuja saa nne ya asubuhi, maji yamekupwa, kina mama wachokoa pweza wamekwisha fika mwambani, akaanzia kamba yake pale yalipokuwa maji. Alasiri ile ile bamvu likarudi, nami nikavihesabu vigingi sita alivyovipigilia: vinne vilikuwa vinaoga. Nadhani wateja watapenda.

Haja yangu basi ni hii. Ukumbi wenu, ambao niliupima kwa hatua mlipokuwa mkinywa chai, una hatua 22 kwa 12, na kwa hesabu yangu hutumika siku moja katika mwezi. Siku zilizobaki uko wazi, kwa maana ile ile mliyotufundisha. Naomba kibali cha kubadili matumizi yake, kutoka ukumbi wa vikao kuwa kiwanja cha michezo ya watoto. Viti viwili vya mbele vitatosha kuwa goli, na kiti cha Mwenyekiti nimekipangia upande wa kaskazini, jua lisimwumize mlinda mlango. Siku ya kikao watoto watatoka nje, kama mtawaonyesha nje iko wapi.

Ilani nimekwisha ibandika, kwenye nguzo ile ile. Stakabadhi ya ada naiambatisha pamoja na mchoro, na muhuri, nimehakikisha mwenyewe kwa rula, haukugusa sahihi.

Wenu mtiifu,
Mwenye faili la baraza