Bia, Nepi na Ada ya Muhula

Ukijiandikisha somo la utangulizi wa uchanganuzi wa data za biashara, hata kabla hujajua kufungua Excel vizuri, utasimuliwa habari za bia na nepi. Eti kompyuta iligundua kwamba akina baba wa Marekani wakitumwa nepi jioni hurudi na bia, basi duka likaziweka rafu moja, mauzo yakapaa. Darasa zima linanakili. Wa mbele wanapigia mstari.

Kilichotokea ni kidogo mno. Mwaka 1992 wachambuzi wa kampuni ya Teradata walipekua manunuzi yapatayo milioni 1.2 ya maduka ya Osco Drug, wakaona vitu hivyo viwili hununuliwa pamoja kati ya saa 11 jioni na saa 1 usiku. Rafu hazikuguswa. Akina baba nao walitiwa chumvi baadaye, maana risiti haina ndevu.

Yaani somo la kutuzuia kuamini maneno matupu hufunguliwa kwa ngano. Na Mangi wa duka la mtaani kwetu, anayeweka kiberiti ubavuni mwa sigara tangu zamani, hajaalikwa kutoa mhadhara hata mara moja. Wewe mwanafunzi, swali la bia na nepi likija kwenye mtihani, jibu kama mhadhiri alivyosema. Ukweli utausema ukishapata cheti.