Sifa za Zoezi la Umoja na Wingi

Farasi wamesifiwa, kahawa imesifiwa, macho ya wapenzi ndiyo usiseme. Zoezi la nomino katika kitabu cha sarufi ya Kiafrikaans halijapata wa kulitungia sifa. Nalisifu mimi, ninayelifanya kila usiku hapa Cape Town hadi wino unakauka.

Kwanza, linatajirisha. Msukuma humngojea ng'ombe azae. Mimi nangojea herufi tu. Nikipewa bees, naongeza te, nina beeste, kundi zima, bila josho wala mchungaji. Mwanakondoo lam anakuwa lammers, ndama kalf anakuwa kalwers, na chai haijapoa zizi limeshafurika. Mbwa hond naye anakuwa honde, wa kulinda mali. Nikiwaogopa watu wa kodi, nafungua ukurasa wa udogo: hond anageuka hondjie, mti boom unageuka boompie, na mkaguzi akifika anakuta shamba la midoli.

Pili, halina ngeli: neno moja la kutangulia nomino, die, linamtosha mfalme na panzi. Tatu, linaleta usingizi.

Na kwa kufuata kanuni halina mfano. Skip ni meli, zikizidi, skepe. Mji ni stad, miji stede. Siku ni dag, nyingi ni dae, na ile g imekwenda wapi? Niliuliza darasani, nikaambiwa hayo ni ya kukariri. Basi msiyaite kanuni! Yaiteni orodha, nasi tulipe ada ya orodha.

Hilo nalivumilia. Nisilolivumilia ni kwamba shamba lote hili halina watu. Wingi wa gari la maksai umo, ossewa na ossewaens, lakini teksi, daladala ya hapa, haimo. Kitabu kinawaona wenye maksai tu, kumbe wengi wa waliozaliwa na lugha hii si Wazungu. Waislamu wa Cape waliiandika kwa herufi za Kiarabu madrasani kabla mabwana wa mji wa Paarl hawajaunda chama cha kuitetea mwaka 1875. Waandishi wa kitabu changu hawana habari. Mama wa Mitchells Plain aliyeinyonya lugha hii na maziwa, akijibu zoezi hili kama anavyosema mtaani, karatasi yake itarudi imejaa wino mwekundu.

Asubuhi gaatjie, konda wa teksi, ananing'inia mlangoni akiita "Wynberg!" na kutaniana na abiria kwa Kiafrikaans kitamu, nami nakaa kimya nimeshika chenji. Mtihani wa kuongea haumo kwenye kozi yetu. Wa kuandika upo, na unaanza na mbuzi: bok, bokke.