Namna ya Kumwamsha Mzee Aliyegoma Kuwaka

Alfajiri, Soko Kuu la Chifu Kingalu. Kabichi za Mgeta zimeshushwa, wachuuzi wamelipa, na Fuso lako linatakiwa kurudi mlimani kabla jua halijachomoza. Unazungusha ufunguo: tik. Unarudia: tik. Utingo anakutazama wewe, nawe unaitazama Milima ya Uluguru kana kwamba ndiyo iliyoficha umeme.

Usikimbilie kununua betri. Lori lenye umri wa kukuzaa ni mzee, na mzee hafuatwi na spana kabla ya shikamoo. Mwendee hivi.

Kwanza, muulize jina. "Fuso la zamani" ni ukoo tu. Jina lenyewe limegongwa kwenye bloku ya injini, chini ya mafuta yaliyoshikana na vumbi jekundu la miaka mingi. Chukua brashi ya waya, dizeli kidogo na kitambaa, usugue mpaka herufi zitokeze. Ukiona 6D14, basi 6 ni silinda sita na D ni dizeli. Ana wadogo zake, 6D15 na 6D16, na kwa nje utawadhani mapacha. Hata mwendo wa pistoni zao ni ule ule, milimita 115. Wanachotofautiana ni upana wa silinda: 110, 113 na 118. Ndiyo maana mmoja ana sisi 6,557, wa pili 6,919, wa tatu 7,545. Ukikosea jina, unaifuata gasketi Gerezani, Kariakoo, kilomita zaidi ya 190 kwenda, halafu unairudisha kwa sababu ya milimita tatu.

Kisha fungua kadi ya gari. Malori mengi yamekwisha kubadilishiwa moyo. Kadi ikisema hivi na bloku ikisema vile, spea nunua kwa neno la bloku, na kadi ipeleke TRA irekebishwe.

Pili, hesabu betri. Mzee huyu anakula volti 24, nazo zinatoka kwenye betri mbili za volti 12. Kebo fupi inaunganisha chanya ya moja na hasi ya nyingine. Hasi iliyobaki inashika chesisi, chanya iliyobaki inakwenda kwenye staata. Ukiunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, umebaki na volti 12 tu, na staata haitakuelewa. Pima kila betri peke yake, gari likiwa limelala. Iliyoshiba husoma kama 12.6. Moja ikisoma 12.6 na mwenzake 11.8, inawezekana kuna mtu anakula sahani ya mmoja.

Tatu, mtafute mlaji. Langu lilinimalizia betri mbili mpya kabla ya mwaka kwisha, nami nikawalaumu wauzaji. Siku moja nikafuata nyaya kwa kidole, mmoja mmoja. Pale kwenye ile kebo fupi ya katikati nikakuta waya mwembamba mwekundu umechomekwa, unapanda mpaka kwenye redio. Redio ni ya volti 12, na fundi aliyeifunga aliona njia rahisi ni kuinywesha kwenye betri moja. Betri ile ikawa na njaa kila siku. Mwenzake, aliyeshiba tayari, akawa anavimbiwa, kwa sababu altaneta inaangalia jumla ya zote mbili, haijui nani kala na nani kakosa. Zikafa zote: moja kwa njaa, nyingine kwa shibe. Dawa yake ni konveta ya kushusha 24 kuwa 12, iungwe kwenye betri zote mbili na kupewa fyuzi yake.

Nne, fungua na ufunge kwa adabu. Hasi hutoka kwanza na kurudi mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa chesisi, utaona radi ndani ya gereji. Sigara ikae mbali, maana betri inayochaji hutoa gesi inayolipuka. Ule ukoga mweupe usugue kwa maji ya moto, kausha, kaza vibano, ndipo upake grisi. Kibano kikilegea, nunua kingine, kile kipande cha kopo ulichozoea kusokomeza hapo kitupe. Pale hasi inaposhika chesisi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae. Washa, upime tena: altaneta nzima hutoa kama volti 27 hadi 28 na nusu.

Mwisho, chukua rangi, andika ndani ya mlango jina la injini na tarehe ulipofunga betri. Dereva atakayekurithi asianze kumhoji mzee upya. Kwenye langu pameandikwa 6D15, na betri ziko mwaka wa tatu.