Skrubu Inayofunguka Kinyume

Tak!

Mlio wenyewe haukuzidi wa punje ya mchele inayovunjika menoni, lakini mwandishi wa makala hii aliusikia hadi visiginoni. Alikuwa ameinamia meza ya chakula, lenzi jichoni, bisibisi nyembamba kama sindano mkononi. Kwenye ncha ya bisibisi kulikuwa na kichwa cha skrubu. Kichwa tu. Kiwiliwili kilikuwa kimebaki ndani ya shaba.

Saa haikuwa yake. Ilikuwa ya baba mkwe, aliyemkabidhi kwa maneno machache: “Mwanangu, nasikia siku hizi unajua saa. Hii inachelewa kidogo. Nitaipitia Jumapili.”

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Na hadi hapo mambo yalikuwa yamemnyookea. Alikumbuka hata kuilegeza kamani kabla ya kugusa chochote, jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau mara moja tu. Maana saa ya kutia ufunguo haina betri. Nguvu zake zote ni kamani hiyo, utepe wa chuma uliosokotwa ndani ya kopo dogo la duara. Ukiitia ufunguo asubuhi unaukaza utepe huo, nao mchana kutwa hauna haja nyingine ila kujinyoosha. Ungeachwa ufanye utakavyo, ungemaliza kazi ya siku nzima kwa sekunde chache, na akrabu zingezunguka kama pangaboi. Ufundi wote wa saa, basi, uko kwenye kuizuia.

Kuzuia huko ndiko kulikomtia mwandishi wazimu. Magurudumu yanapokezana nguvu hadi kwa la mwisho, lenye meno yaliyopinda kama makucha ya paka. Hapo amesimama bawabu: kipande cha chuma chenye umbo la nanga, mikononi kashika vipande viwili vya yakuti. Jino likija, analikinga kwa yakuti ya kulia. Gurudumu la mizani, linaloyumba huku na huko, likipita linamgonga, anaachia jino, na papo hapo anakinga jingine kwa yakuti ya kushoto. Kila jino linaloponyoka linampiga teke, naye teke hilo habaki nalo. Analipeleka kwa mizani ili iendelee kuyumba. Mizani inamwamrisha bawabu, bawabu anailisha mizani. Katika saa nyingi za zamani hayo hutokea mara 5 kwa sekunde, mara 18,000 kwa saa, mara 432,000 kwa siku, na huyo ndiye bawabu pekee mjini asiyeomba ya soda.

Aliyembuni ni Mwingereza Thomas Mudge, katikati ya karne ya 18. Unywele wa chuma unaoirudisha mizani kila inapoyumba ulishatangazwa mapema zaidi, mwaka 1675, na Mholanzi Christiaan Huygens. Yakuti nazo zisikutie tamaa: tangu mwaka 1902, Mfaransa Auguste Verneuil alipotangaza njia ya kuzitengeneza kwa moto, zimekuwa bidhaa ya kiwandani. Mwandishi, ambaye alikuwa akiwaonyesha wageni maandishi ya vito 17 usoni mwa saa yake mwenyewe, alipolijua hilo aliacha kimyakimya.

Na saa ikichelewa dakika moja kwa siku, imekosea sehemu moja kati ya 1,440. Karani anayekosea kiasi hicho hupandishwa cheo.

Turudi kwenye skrubu. Unapotia ufunguo, gurudumu dogo hupokea mzunguko na kuupeleka kwa lile kubwa la kamani. Kwa kuwa yameumana meno, mawili hayo lazima yazunguke kinyume. Skrubu ya kawaida juu ya lile dogo ingekuwa inalegea kila asubuhi. Kwa hiyo katika saa nyingi hesi zake zimekatwa kinyume, na hufunguka kwa kuzungushwa kulia. Watengenezaji wengine huchonga mistari mitatu kichwani mwake ili kuonya. Wa saa hii hawakuona haja. Mwandishi alizungusha kushoto, kama alivyofungua kila kifuniko tangu azaliwe. Ikagoma. Akaongeza nguvu.

Fundi saa wa Kariakoo, mzee mwenye kisanduku cha kioo na mwavuli uliochanika, hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Ulizungusha wapi?”

“Kushoto.”

Mzee akatazama magari muda mrefu. “Kanunue shabu.”

Ndiyo, shabu ile ile ya kutulizia maji ya tope na kupaka kidevuni baada ya kunyoa. Maji yake ya moto yakikolea, hula chuma na kuiacha shaba salama. Mwandishi alivua kila kipande cha chuma kilichokuwa kwenye ile sahani ya shaba, akaitumbukiza glasini, akabandika karatasi: SI MAJI. Mapovu yakaanza kupanda kutoka kwenye tundu moja tu. Alikaa hapo akitazama aibu yake ikiyeyuka povu baada ya povu, hadi alfajiri. Ijumaa tundu lilikuwa wazi.

Siku hiyo hiyo springi moja iliruka. Ilipatikana kwenye chatne. Jumamosi aliilaza mizani karibu na spika ya redio, ikashika usumaku.

Kilichomkausha kicheko ni kutafuta skrubu mpya. Kampuni nyingi kubwa za Uswisi haziwauzii vipuri mafundi wa aina ya mzee huyu. Hupewa walioidhinishwa tu. Saa inatangazwa kuwa mali ya kurithisha wajukuu, kisha mjukuu anatakiwa aisafirishe ng’ambo kwa ajili ya skrubu iliyo ndogo kuliko punje ya mtama. Na mtu anayeweza kuifunga kwa vidole vyake anashinda juani akibadilisha betri na kutoboa mikanda. Ghala lake ni bati la maziwa lililojaa saa zilizokufa.

Humo ndimo alimochokora, na alipopata skrubu inayofaa aliifunga mwenyewe. Bisibisi hakuiachia. Kisha akaugeuza mfuniko wa nyuma juani. Mafundi wana desturi ya kukwaruza alama zao upande wa ndani, na hapo zilikuwapo tatu.

“Hii yangu,” akasema. “Alikuja bwana mmoja mrefu, mkali. Tundu hili hili. Nikamtuma shabu.”

Jumapili baba mkwe aliiweka saa sikioni, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa.

“Haikukusumbua?”

“Hata kidogo, Baba.”

Baba mkwe akaifunga mkononi taratibu. “Hata mimi haikuwahi kunisumbua.”