Maandalizi ya Maandalizi

Hivi mtu akitaka kukimbia, si anakimbia tu? Utotoni mbwa wa jirani akikata mnyororo tulitimka wote, wenye viatu na wasio na viatu, na hakuna aliyeulizwa presha yake ikoje.

Siku hizi haiwezekani. Shemeji yangu ameniandikisha Kilimanjaro Marathon ya mwakani, tena si ile ya kilomita tano ya familia na waheshimiwa wanaotafuta picha. Si nusu pia. Ni nzima, kilomita 42 na mita 195. Kilomita 42 nazielewa, ni ubishi wa wanaume. Zinazonikera ni hizo mita 195. Eti Olimpiki ya London ya mwaka 1908 mbio zilianzia kwenye kasri la Windsor zikaishia mbele ya jukwaa la familia ya kifalme, na mwaka 1921 wakubwa wa riadha wakaupitisha urefu huohuo kuwa wa kudumu. Kwa hiyo mimi, mkazi wa Tabata, nitatambaa mita 195 za ziada ili wazungu wa enzi hizo waone vizuri.

Ratiba aliyonitumia ni ya wiki 16. Mbio hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, nikahesabu kurudi nyuma, nikaangukia Novemba. Tulikuwa Agosti. Nikaagiza chipsi mayai.

“Shem,” akaniambia, “hiyo wiki ya kwanza inataka mtu ambaye tayari anakimbia.”

Tayari! Yaani siku ya kufungua mazoezi unatakiwa uwe unakimbia mara tatu nne kwa wiki, jumla kama kilomita 25, bila kuchechemea. Kabla ya mazoezi kuna mazoezi ya kukuruhusu uanze mazoezi. Ni kama harusi zetu, ambapo kikao cha kwanza ni cha kuunda kamati itakayoitisha vikao, na mchango unaanza palepale.

Nilidhani ananitania, nikaenda kwa daktari anitetee. Akapima presha, akapima sukari, kisha akauliza baba yangu alifariki kwa ugonjwa gani na babu je. Nimekwenda kuulizia mbio, naulizwa misiba. Mwisho akamuunga mkono shemeji. Moyo na mapafu, akasema, huzoea upesi, lakini kano na mifupa huchelewa sana. Ndiyo maana mgeni wa mbio akifika wiki ya tatu anajiona simba, anaongeza kilomita, na kinachomlipia kiburi ni ugoko. “Mzee wangu, anza kwa kutembea. Kimbia dakika moja, tembea mbili.”

Nani aliwaambia madaktari kwamba hilo linafanyika mtaani kwetu? Nakimbia hadi nguzo ya umeme, natembea hadi dukani kwa Mangi. Ukikimbia na bukta watu wanakuelewa. Ukitembea na bukta saa kumi na mbili asubuhi, huku unatweta, wanakupa pole. Bodaboda wananifuata taratibu: “Mzee, panda tu, utanipa hata jero.”

Halafu kuna sheria ya mwendo. Wanasema ukimbie kwa kasi ambayo bado unaweza kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi umezidisha. Sheria hiyo ilitungwa na mtu asiyejua salamu za uswahilini. Bibi wa maandazi haridhiki na kupungiwa mkono. Anataka shikamoo, anataka habari za nyumbani, anataka kujua mtoto aliyekuwa na homa anaendeleaje. Nikikata maneno, jioni mke wangu anaambiwa mumewe ana dharau.

Na kila mtu siku hizi ni mtaalamu. Tangu Alphonce Simbu alipoleta dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, sawasawa na Mjerumani Amanal Petros hadi picha ikaamua, hata kinyozi wangu anafundisha namna ya kumalizia mita mia za mwisho. Mita mia za kwanza hataki kuzizungumzia.

Raba ndiyo usiseme. Ushauri ni kununua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na uache nafasi mbele ya kidole gumba ili kucha zisije kuwa nyeusi. Mtumbani Karume jozi ni moja. Ikibana, muuzaji anaapa itatanuka. Ikipwaya, vaa soksi mbili.

Nyumbani nako kuna kibali. Mbio ndefu ni za Jumamosi au Jumapili, na Dar ya Desemba na Januari jua likishatoka huendi popote, kwa hiyo ni saa kumi na moja alfajiri, muda ambao mbwa bado wako zamu. Ili uamke hivyo ulale saa tatu usiku, jambo ambalo baa ya jirani hailiafiki. Mke wangu aliisoma ratiba yote, kwa makini kuliko mimi, akauliza swali moja: “Na vikao vya ukoo atakwenda nani?” Nikamjibu atakwenda kaka yake, aliyetuletea balaa hili.

Kumbe haendi popote. Jana kapiga simu, goti limevimba. Yeye aliruka maandalizi, akaanza moja kwa moja na kilomita 18, akijifanya tayari yuko kwenye ile njia ya mbio za Moshi inayopanda kuelekea Mweka. Sasa hatakimbia tena, ila ada yangu ameshailipa na hairudishwi. Nikamuuliza kama ameshamwona daktari.

“Daktari wa nini, Shem? Mimi sasa ni kocha wako.”